Idara ya Maji Haijajibu

Shoga, niko chooni hapa kazini. Usinipigie, soma tu.

Ule mgodi mkubwa wa mlimani umepitishwa. Umepitishwa hivi hivi, nami nimekaa pale pale.

Si unajua kazi yangu ni kukusanya maoni ya kila idara kabla ya kibali kutoka? Misitu walijibu, ardhi wakajibu. Maji bado, maana mhandisi wao yuko mlimani anakagua na huko hakuna mtandao. Na aliyempangia safari wiki hii ya mwisho ya kutoa maoni ni mkuu wetu mwenyewe.

Nikasimama kikaoni. Mimi, shoga. Nikasema, "Mkuu, watu wa maji hawajajibu."

Akatabasamu. "Mama Pacha, kanuni inasemaje? Asiyejibu kwa wakati amekubali."

Nikamwambia bonde zima linakunywa maji ya mlima ule, mama yangu akiwemo, na wanangu nimewaacha kwake.

"Basi mwambie achemshe."

Wakacheka. Wakacheka, shoga, kisha muhuri ukagongwa.

Sasa hivi mhandisi kanipigia. Kapanda juu ya jabali kutafuta mtandao, anahema. "Dada, pale wanapotaka kuweka bwawa la maji ya sumu ndipo chemchemi inapoanzia. Nimeiona kwa macho yangu. Waambie wasubiri. Hawajapitisha, sivyo?"

Muhuri umeshagongwa, shoga. Nikanyamaza.

Akashusha pumzi. "Afadhali. Nilijua wewe upo hapo."