Koti Jeupe Kwenye Meza ya Sadaka

Dada Neema,

Shikamoo kutoka Lubumbashi, ambako vumbi jekundu limeingia hadi kwenye kalamu.

Jana niliwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu habari ya kumtolea Mungu yote. Ulipofika wakati wa sadaka, Kalonji, aliye mwaka wa mwisho wa udaktari, akavua koti lake jeupe akaliweka mezani, akaniita “papa”, yaani baba:

“Papa, naacha médecine. Nataka kutumikia Mungu.”

Wenzake wakapiga vigelegele! Mimi nikajua amenielewa vibaya. Kosa lilikuwa langu: mifano yangu yote ilikuwa ya wachungaji. Nikalichukua lile koti, nikamvika tena, nikamwekea mikono kichwani kama mchungaji anayewekwa wakfu.

“Sasa rudi kwa wagonjwa wako.”

“Na kule iko kutumikia Mungu, papa?”

“Iko,” nikamjibu kwa Kiswahili chao.

Baadaye wakaniandalia bukari, ugali wao, kwa samaki. Lakini mimi nilikuwa nakuwaza wewe na zamu zako za uuguzi. Dada, zile Jumapili zote nilizokulaumu kwa kukosa ibada, kumbe ulikuwa ibadani.

Nisamehe.

Mdogo wako akupendaye,
Elia