Sululu Mchelewaji wa Konde la Chini

Alhamisi, 18 Aprili 2019

Amefika sululu wangu, yule ndege wa mdomo mrefu! Nimemjua kwa pete zake: mbili za njano mguu wa kushoto, moja nyekundu wa kulia. Mwaka wa saba huu, na kila mwaka ni kati ya tarehe kumi na saba na ishirini. Sululu wengine walirudi kutoka kusini tangu mwezi wa tatu, wengi wanaatamia. Nilikwenda mbio zizini kumwambia mdogo wangu Hessel. Hakuacha hata kukamua. Akasema kuna sululu na kuna wavivu.

Mjinga. Si mvivu, ndivyo alivyo.

Ijumaa, 10 Mei

Mayai manne, konde la chini, karibu na mtaro. Nimechomeka fito mbili, moja kila upande, ili Hessel akipita na trekta aone. Nimehesabu kwa vidole: yataanguliwa tarehe tatu Juni. Vifaranga kuruka — mwisho wa Juni. Na karatasi ya kulinda ndege aliyotia saini Hessel inamkataza kukata majani kabla ya tarehe kumi na tano Juni. Tarehe hiyo iliwekwa kwa ajili ya wale wa mwezi wa tatu. Wangu hakuulizwa.

Jumatatu, 3 Juni

Wanne! Wazima wote. Nimeng'oa fito, maana vifaranga hawakai kiotani hata siku mbili, wanazagaa majanini, na fito hazina tena cha kulinda. Nilimwomba Hessel aniongezee wiki mbili, konde hilo moja tu. Alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mwaka jana aliniachia kipande cha majani sawa na kitanda. Kunguru walikigundua kabla ya chakula cha mchana.

Ijumaa, 14 Juni

Redio: jua siku mbili, halafu mvua wiki nzima. Basi atakata majani kesho. Nimepiga magoti — mimi, miaka sitini na tatu, kwenye sakafu ya zizi! Hessel akafuta mikono taratibu.

"Huyo ndege ni wewe mtupu, dada. Mama alikungoja siku tatu pale kitandani. Ukaja tumeshamzika."

Nikamjibu kwamba Mama alinililia mimi kwa sababu hakumtaka yeye aliyekuwepo. Nilitaka imuume. Ilimuuma. Ndipo aliposema ataanza na konde la chini.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekaa mtaroni, naandika kwa penseli. Hessel ameshalizunguka konde mara nne, yamebaki majani ya katikati. Amezima trekta anakunywa kahawa. Nina muda wa kikombe kimoja, kasema.

Vifaranga wawili nimewapata, wamo kofiani, wana joto. Bado wawili. Tatizo ni mama yao. Kila nikiingia majanini ananipigia kelele juu ya kichwa, na vifaranga wakisikia kelele ile hujilaza chini, hawatikisiki hata ukiwakanyaga. Nikitoka ananyamaza, nao huanza kutembea. Basi nimetoka. Nasubiri aamini nimeondoka. Nyamaza, mama, nakuomba.

Kanyamaza.

Majani yanatikisika, hatua kumi tu kutoka hapa — mmoja!

Hessel anamwaga kahawa iliyobaki. Nimempungia mkono asubiri. Ameniona. Anapanda. Trekta imewaka, na mama yao ameanza tena kupiga kelele.