Sabuni Iliyolala

3 Juni

Mpwa wangu kipenzi,

Habari za huko? Sisi tunapumua, mama yako kwa shida, mimi kwa ufundi. Ile sabuni ya sukari, ya maji, uliyompikia kule maabara ya kuoshea vidonda vyake vya mkono, dereva kaileta salama. Nikaona joto litaiharibu, nikailaza chumba cha barafu kazini, ambako meneja mwenyewe ananipigia hodi. Barafu unaniuliza mimi? Mwaka mmoja masharubu yangu yaliganda, yakavunjika kama njiti za kiberiti, yakaota mapya siku ya tatu!

Ikaganda. Nikaiyeyusha. Lo! Chini kuna utando mweupe, mzito kama uji uliochacha. Nikajua wenzako wamekuchanganyia uchafu. Nikachuja kwa kitambaa alichoshona mama yako, uchafu nikaumwaga mtaroni, yakabaki maji maangavu kama kioo. Ndiyo tunayomwoshea vidonda. Usinishukuru.

Mjomba wako, Jemedari wa Barafu

9 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Huku si kuzuri. Namwosha asubuhi na jioni, lakini mkono umevimba na unanuka. Sabuni ya dukani ilimbabua ngozi, akalia mpaka nikatoka nje. Daktari anasema hadi Ijumaa vidonda visiposafika, anaukata mkono wa kulia. Mshonaji bila mkono wa kulia, mpwa wangu! Nimemwambia daktari niliwahi kumponya ng'ombe aliyevunjika miguu yote minne. Hakucheka.

Mjomba wako

11 Juni

Mjomba, shikamoo. Mimi mzima. Naomba usinijibu kwa hadithi.

Ule uchafu ndio sabuni yenyewe! Maji yakiganda hujitenga yakawa barafu, sabuni inasukumwa pembeni, inabanana, inakuwa chembe nyeupe. Ina kichwa cha sukari kinachopenda maji na mkia wa mafuta unaoyakimbia. Kwenye baridi mikia hushikana, haiachiani. Barafu ikiyeyuka, sabuni haiamki papo hapo. Imelala tu. Inataka joto la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, ikorogwe taratibu mpaka weupe uishe.

Umemwosha Mama kwa maji matupu. Kama imebaki hata chembe, ipashe joto. Nyingine haiwezi kuwa tayari kabla ya wiki mbili. Mjomba wangu, tafuta.

Mpwa wako

12 Juni

Mpwa,

Salamu zangu leo ni fupi. Nimepiga magoti mtaroni na kijiko. Jirani akauliza, "Jemedari, vita vimehamia humo?" Nikaendelea kukwangua. Mkewe anasema juzi alimwaga hapo maji ya moto aliyochemshia mayai, povu likapanda, watoto wakashangilia. Ilikuwa sabuni yetu ile.

Ndipo nikakumbuka kitambaa. Nilikianika ukutani, kimekakamaa kama gome. Nikakitia kwenye maji ya vuguvugu, nikakikoroga taratibu. Kikatoa povu! Dogo, la kuosha mara moja tu. Nikamwosha mkono. Mama yako hakulia. Vidole vimekunjuka kidogo. Akaomba kalamu.

Sina la kuongeza, na unajua hilo halijawahi kunitokea. Hapa chini nimemwachia yeye.

Mjomba wako

Mwanangu, usimgombeze mjomba wako. Daktari anakuja kesho. Huu ni mwandiko wa mkono wangu wa kulia. Utunze.

Mama