Viza ya Hilwa

Maram, uko wapi? Hilwa yuko hapa kwangu.

Baba yake kaacha kazi leo. Kaja nyumbani na halua, anacheka. "Khalas, imetosha, nastaafu. Mimi na mama yako tunahamia Unguja, maisha rahisi, joto la kweli, si baridi hii ya kiyoyozi inayoniumiza mifupa."

Hilwa akamuuliza, "Baba, na viza yangu?"

Mzee akaacha kutafuna. Hakukumbuka, Maram. Hakukumbuka kwamba mtoto aliyezaliwa hapa hapa Karama, katika nchi hii ya Waarabu, anaishi kwa viza ya kazi ya baba yake. Ikifutwa ya mzee, na ya Hilwa imekwenda.

"Basi utakuja nasi," akasema polepole.

Hilwa hajalala Unguja hata usiku mmoja. Akauliza nyumba waliyopata ina vyumba vingapi.

"Kimoja."

Kimoja, Maram.