Kiangazi Chetu na Unifomu ya Mzee

Mpendwa mdogo wangu Zaitun,

Umebadilisha laini, umenifungia WhatsApp, na shangazi wa Nairobi, ambaye ndiye peke yake mwenye namba yako mpya, ameapa hatoi. Sawa. Lakini nakujua, huwezi kumaliza wiki bila kuchungulia ukurasa huu wa wasomaji wa manga, hata kama siku hizi unaingia kwa jina la bandia. Kwa hiyo nakuandikia hapa, mbele ya watu wote. Nyinyi wengine mnaosoma, karibuni, ila msinicheke sana. Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja, na ameondoka nyumbani bila kuaga.

Kwa asiyetujua, sisi ni watoto wa polisi. Tumekulia kambini Naguru, ndani ya zile nyumba za bati za mviringo ambazo watu huziita mama ingia pole, kwa sababu mlango wake ni mfupi na mtu mzima asipoinama anaacha ngozi ya paji la uso pale juu. Chumba kimoja, pazia katikati. Upande wa kule wazazi, upande wa huku mimi na wewe na godoro moja. Jua likiwaka, ukiwa ndani unaiva kama muhogo sufuriani.

Unalikumbuka lile boksi? Mama alikuwa akifua nguo kwenye fleti za Bugolobi, na familia moja ilipohama ikamwachia vitabu. Akavibeba kichwani mpaka nyumbani akidhani ni vya shule. "Someni, mupate akili," akasema, akaenda kulala. Tukafungua, tukakuta katuni za Kijapani, wasichana wenye macho kama ya ndama. Tukaanza kusoma kama watu wanavyosoma, kutoka kushoto. Ule ukurasa unaoonya kwamba vitabu hivi huanzia kulia ulikuwa umeng'olewa, sisi tungejuaje? Tukasoma kitabu kizima kutoka mwisho kuja mwanzo. Msichana anarudi nyumbani, kisha analia kwenye kituo cha treni, kisha ndipo anagombana na dada yake. Mimi nilikuwa nimepotea kabisa, lakini wewe ulikuwa na jibu kwa kila kitu. "Hawa wanasameheana kwanza," ukanieleza, "ndio wanapata nafasi ya kugombana vizuri." Ulikuwa mtoto wa darasa la tano na uso mkavu kama hakimu. Tulipofika kitabu cha tatu tukaukuta ule ukurasa wa onyo ukiwa mzima. Ulicheka mpaka mama akatikisa pazia.

Na katika vitabu vile kila jambo zuri lilitokea kwenye summer. Neno hilo lilikusumbua, ukalitafsiri mwenyewe, ukasema ni kiangazi, basi na sisi tutakuwa na kiangazi chetu, likizo ndefu ya Desemba. Ulipomweleza mama akakushangaa. "Kiangazi gani hiyo munasubiri? Maji itapotea, vumbi itaingia kwa chakula, na nyinyi munafurahi?" Wewe hukujali. Kila mwaka, mitihani ikikaribia kwisha, tulilala chali tukinong'ona mipango: kwenda Ggaba kuogelea ziwani, ingawa hakuna hata mmoja wetu anayejua kuogelea, kutazama fataki za mwaka mpya kutoka juu ya kilima bila kulipa, na kupasua tikiti maji tukiwa tumefungwa macho, kama wale wasichana walivyofanya ufukweni.

Lile tikiti sitalisahau hata nikizeeka. Tulilinunua kwa kuchangishana, tukaliweka kwenye gunia mbele ya mlango, nikakufunga macho kwa kitambaa cha mama. Wenzetu kwenye kitabu walikuwa na fimbo. Sisi tukachukua rungu la mzee. Nikakuzungusha, nikawa nakuelekeza, kulia, kulia kidogo, na nilikuwa nakupoteza kwa makusudi, lazima ulijua. Ukapiga ndoo ya Mama Okello wa jirani, ukapiga ukuta wa bati mpaka kambi nzima ikasikia, na pigo lililofuata likalipata tikiti katikati. Mzee alikuwa amesimama nyuma yako muda wote huo. Akaliokota rungu lake, likidondosha maji mekundu, akalitazama kama mtu aliyepewa maiti. "Hii rungu ni ya serikali," akasema. "Nitaandika nini? Nitaandika imepiga matunda?" Akatupigisha magoti pale pale juani. Kisha akaketi kwenye kigoda akala karibu nusu ya lile tikiti, akitutemea mbegu miguuni mmoja mmoja kwa zamu. Tulikuwa tunacheka kwa ndani mpaka mbavu zikauma. Nilikupenda sana siku ile, Zaitun.

Sasa tuje kwenye hili la mwaka huu. Wenzangu mnaosoma, mzee wetu anastaafu. Polisi akistaafu anarudisha nyumba, hata kama ni ya bati na inachubua watu mapaji ya uso. Lakini kambini kila mtu anajua njia yake: mtoto akivaa unifomu naye hupewa nyumba, wazazi wanahamia kwake. Huko kaskazini alikotoka mzee hakuna nyumba inayotusubiri, kuna ndugu na kesi ya shamba. Akaamua juu ya sahani ya maharage. "Zaitun iko na miguu. Yeye ataenda." Wewe ukapiga saluti na kijiko mkononi, ukasema, "Sawa, afande." Tukacheka wote. Ukaenda kwenye usaili, ukakimbia, ukapimwa meno na macho, ukapita. Halafu asubuhi moja naamka, godoro limebaki na shimo la mgongo wako, na nusu ya vitabu haipo. Ulichukua vya mwanzo ukaniachia vya mwisho. Shangazi akatupigia kusema umefika kwake na umepata kazi ya kuchora kwenye duka la fulana.

Nilikukasirikia. Bado nimekukasirikia, na sitaki mtu yeyote aje hapa chini kuniambia nimwelewe. Ungeniamsha. Ungenifinya tu mguu, kama ulivyozoea. Tulilala godoro moja miaka yote hiyo, ukapanga safari nzima huku mgongo wako uko kwenye mgongo wangu, nami nisisikie chochote. Labda uliogopa ningekuzuia. Ningekuzuia, ni kweli.

Basi imekuwa zamu yangu. Nimekimbia, nimepimwa, wamenikubali kwa shida kwa sababu ya urefu. Jumatatu nakwenda kuripoti. Mimi, msusi, ambaye juzi tu nimepata kiti changu mwenyewe pale saluni na wateja wanaoniulizia kwa jina. Kule wananyoa kila mtu kipara. Jana mama alinikalisha kati ya magoti yake akanifumua rasta zangu moja moja. Nikalala natazama bati. Ukilala chali ndani ya nyumba ya mviringo, Zaitun, hakuna kona ya kutazama. Macho yanazunguka tu na kurudi pale pale. Nilihisi nimefungiwa kwenye mkebe na mtu amekalia kifuniko.

Leo asubuhi mzee kaniita nje. Hakuweza kuniangalia usoni, alikuwa anasugua kiatu ambacho tayari kinang'aa. Akasema, "Mwenzako akirudi kabla ya Jumatatu, jina yake bado iko. Wewe utabaki na saluni yako." Nikamuuliza atarudi vipi, na hatuna hata namba yake. Mama ndiye aliyejibu, kutoka ndani, kwa sauti ndogo. "Mwambie mimi mugonjwa."

Wamepanga hivyo. Mimi nirekodi sauti, nilie kidogo, niseme mama amelazwa na anakutaja wewe. Shangazi ataipokea, ataamini, na atakupa simu mwenyewe. Usimlaumu mama. Anahofia kulala nje uzeeni, na mimi namjua, akinitazama kichwa changu anaona kama ni yeye atakayeninyoa.

Nilichukua simu, nikaenda nayo nyuma ya bafu. Sitakudanganya, nilitaka kufanya. Nilikiwaza kiti changu cha saluni, nikawaza ni wewe uliyepita usaili kwanza, si mimi, na ni wewe uliyesema sawa, afande. Nikabonyeza, nikasema, "Zaitun, mama..." na sauti ikatoka ikitetemeka yenyewe bila hata kuigiza. Ilikuwa nzuri sana. Ungeiamini. Ungepanda basi la usiku huo huo, ungefika na macho mekundu, ungeinama mlangoni, na ndani ungemkuta mama anamenya ndizi. Nikaifuta.

Sikuifuta kwa sababu nimekusamehe. Nimeifuta kwa sababu nakujua, ungekuja kweli, na ukishafika usingeondoka tena. Mimi kulia kwenye kambi yao ya mafunzo nitaweza. Kukaa saluni nikijua wewe unapigishwa kwata kwa uongo wangu, hapo sitaweza.

Lakini hawatakata tamaa, watamtafuta shangazi wenyewe. Labda leo, labda kesho. Atakupigia, ataanza kwa kulia kabla hujasema halo, unamjua. Atasema mama hali chakula, haongei, anakutaja. Mimi niko hapa mlangoni, nimekaa, naandika. Mama yuko nje, mbele yangu, anakaanga mukene, wale dagaa wa ziwani, na kumgombeza Mama Okello kuhusu kamba ya kuanikia. Sauti yake inafika barabarani. Ni mzima, Zaitun. Usipande basi.

Kaa salama huko, mdogo wangu, uchore.

Ni mimi, dada yako mkubwa