Waliniimbia Nikiwa na Kokteli Mkononi

Eustasio, huna haya. Mtu mzima unayekaribia miaka sabini, kofia kichwani, pensheni mfukoni, unawanywesha rafiki zako maji kwa sababu unaona aibu kusema umepata mwanamke na umependa kinywaji chenye ua juu yake. Barua yako nimesomewa mara mbili na mjukuu wangu Nekane, maana mwandiko wako na macho yangu havipatani, na mara zote mbili nilitafuta mwiko wa kukupigia. Naiweka hapa chini kama ilivyokuja. Nukta sikuongeza, ingawa zilihitajika. Wasomaji waisome kwanza, halafu mimi na wewe tutaonana.

*

Bibi Obdulia mpendwa, mimi si mtu wa kuandikia magazeti, huwa nasoma ushauri wako nikiwa kwa kinyozi na kuwacheka wanaokuandikia, sasa zamu yangu imefika na sicheki, naomba uniokoe kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikipita hivi hivi sitakuwa na rafiki wala mchumba.

Mimi ni mtoto wa Mitaa Saba, nimezaliwa hapa hapa Bilbao, nimeendesha kreni bandarini mpaka nilipostaafu, mke wangu alifariki zamani, na kila siku ya Mungu kabla ya chakula cha mchana niko na kuadrila yangu, yaani Kepa na Basilio na Nicasio, tuko pamoja tangu komunyo ya kwanza, tunaanza kwa Sabino, kibilauri kimoja cha mvinyo, tukiwa tumesimama, hatukai, tunakwenda baa inayofuata, kibilauri kingine, na inayofuata, baa zile zile kwa mpangilio ule ule, na mpangilio haujawahi kubadilishwa isipokuwa mwaka wa mafuriko.

Sasa majira ya mvua yaliyopita nilikuwa kwenye foleni ya samaki sokoni, nyuma yangu akasimama mwanamke anaitwa Garbiñe, mjane kama mimi, akaniambia nachagua samaki kama mtu anayejaribu viatu, nikacheka, tukaongea, na wiki ile ile akanivusha daraja kunipeleka upande wa pili wa mto, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza, kwa sababu Bibi, mimi sikujua. Nimeishi mji huu maisha yangu yote na sikujua kwamba ng'ambo pale, mwendo mfupi tu kutoka kwa Sabino, kuna baa yenye kaunta ya shaba inayong'aa kama altare, na viti vya mahameli ya kijani, na kijana mwenye aproni anayekata barafu kwa msumeno mpaka linabaki bonge moja safi, unaona kidole chako upande wa pili, halafu anachukua ganda la chungwa analichoma kwa kiberiti juu ya glasi, na harufu ile inakukumbusha mahali ambapo hujawahi kufika. Nilikunywa moja nikiwa nimekaa. Nimekaa, Bibi, kwenye kiti, mchana kweupe.

Tukaendelea, kila wiki Garbiñe ana mahali papya, mara baa ambayo mlango wake ni kama wa duka la vitabu, mara nyingine kinywaji kinakuja kimefunikwa kikombe cha kioo chenye moshi ndani, na kuna mgahawa mmoja wanaopika mashavu ya samaki, yale yale aliyokuwa akipika mama yangu kwa kitunguu saumu, lakini pale yanaletwa matatu tu kwenye sahani kubwa kama gurudumu la gari, na povu la kijani pembeni, nikajiandaa kucheka, ila nilipotia mdomoni Garbiñe akauliza mbona unatoa machozi, nikasema pilipili, na pilipili haikuwemo.

Ungesema niwaambie tu wenzangu, lakini huijui kuadrila yetu. Basilio aliwahi kuonekana kwenye harusi ya mpwa wake ameshika glasi ya mguu mrefu yenye kipande cha tango, Kepa akampachika jina la Bibi Harusi, na mpaka leo hata Sabino akimmiminia anasema karibu Bibi Harusi, hiki hapa kibilauri chako. Kwa hiyo nilipoanza kukosa mzunguko nikasema daktari amenikataza mvinyo kwa sababu ya tumbo, nikidhani watanipa pole na kuendelea na mambo yao.

Hawakuendelea. Kwetu mtu hakosi mzunguko labda awe anakufa, kwa hiyo wakaamua kwamba nakufa. Nicasio, ambaye maji anayajua yakitoka mawinguni tu, aliweka nadhiri kwamba hatagusa mvinyo mpaka nipone, na wengine wakaona aibu kumwacha peke yake, kwa hiyo sasa wanazunguka baa zile zile, kwa mpangilio ule ule, wakinywa maji kwenye vile vile vibilauri, na nasikia Sabino anawamiminia huku amevua kofia kama yuko msibani.

Halafu kuna jambo silielewi. Siku moja pale kwenye mgahawa wa mashavu ya samaki nilimwona Kepa, yuko na mkewe, meza ya dirishani, mbele yake ana glasi yenye ua, niliinamisha uso, na nilipoinua nikaona amejifunika menyu mpaka kwenye nyusi, nikamvuta Garbiñe tukatoka kabla ya kitindamlo. Kesho yake Kepa akawaambia wenzetu kwamba amenikuta hospitalini, nimepauka, nimeshikiliwa na muuguzi. Sijui kama alinifananisha na mtu mwingine au vipi, lakini baada ya hapo hali yangu ikawa mbaya zaidi.

Juzi ndiyo ilinimaliza. Garbiñe alitaka tuone ile baa mpya ya kokteli iliyofunguliwa lilipokuwa duka la vifungo, huku huku kwetu Mitaa Saba, nikamwambia hapana, akasema kwa nini, nikavaa koti, tukaenda, nikamkalisha akitazama ukuta kama ninavyomkalisha siku zote ili asionekane, na ndiyo kwanza nimeletewa glasi, nikasikia sauti ninazozijua. Wako pale nje, pale penye nyota iliyochorwa chini barabarani, ambapo ukisimama unaliona kanisa la Bikira Maria, Mama wa Begoña, juu kilimani kati ya majumba, wamevua kofia kwenye manyunyu, wanamwimbia. Basilio anaimba sauti ya chini, Nicasio ya juu, na sehemu yangu ya katikati wameiacha wazi, hakuna aliyeijaza, inafika zamu yangu wananyamaza, halafu wanaendelea. Mwanamke aliyepita akawauliza wanamwimbia nani, Nicasio akasema, "Tumbo la rafiki yetu." Nilisimama nyuma ya pazia na kokteli mkononi, na ua lake likaniingia puani.

Garbiñe alisikia yote. Alinitazama akasema, "Eustasio, mimi nimeshawahi kuwa mke wa mtu, sijawahi kuwa siri ya mtu. Jumamosi nionekane, au usinitafute." Na Jumamosi hiyo hiyo kuadrila wamepanga kunipikia kwenye jiko la chama chetu, pale wanaume tunapopikiana, samaki wa kuchemsha bila chumvi, na Nicasio anasema atanilisha kwa kijiko. Nikisema ukweli watanifukuza, nisiposema Garbiñe ataondoka, na huyo samaki siwezi kumla. Nifanye nini Bibi, nipone ghafla au nihamie Santander? Tafadhali badilisha majina yetu yote, na langu usiliweke kabisa.

Wako,
Mgonjwa wa Bilbao

*

Haya, umemaliza? Sasa kaa, maana kukaa umeshajifunza.

Pole nitakupa moja tu, na nakupa mapema ili tuendelee na kazi. Kula peke yako baada ya kuzika mke ni kubaya, hilo nalijua. Sufuria inakuwa kubwa, mkate unakauka. Mungu amekuletea mwanamke aliyekucheka kwenye foleni ya samaki na anayejua mahali pazuri pa kukaa. Ningekuwa wewe ningempigia tarumbeta. Wewe umemgeuzia ukuta. Mwanamke amevaa, amejipaka, amepanda ngazi za mji wote huu kwa viatu vizuri, umemlipa kwa kumwonyesha plasta. Halafu unashangaa amekuwekea siku.

Kuhusu vinywaji, usinipotezee muda. Unanieleza habari za barafu kama mtu anayeungama kuwa ameua. Mimi nimekaanga samaki kwenye jiko la baa tangu nikiwa nasimama juu ya kreti ili nilifikie karai, shule sikuikalia, na sijawahi kumwomba mtu ruhusa ya kilichomo kwenye glasi yangu. Pale kwenye duka la vifungo nina kiti changu karibu na dirisha. Nekane alinipeleka mara ya kwanza, sasa najipeleka. Ninakunywa ile ya ndimu yenye povu la yai, na kijana wa kaunta akiweka sukari nyingi namrudishia. Wale wa sahani kubwa nao nina neno nao: mashavu matatu ya samaki si chakula, ni salamu. Lakini wanapika vizuri, na kusema kitu kizuri ni kizuri hakujawahi kumvua mwanamume suruali.

Sasa Kepa. Unaniambia hulielewi jambo la Kepa. Eustasio, uliendeshaje kreni? Kepa hakukufananisha na mtu. Kepa alikuona, akaona umemwona, na akajua ukifungua mdomo kwa Sabino yeye ndiye Bibi Harusi mpya. Akakuwahi. Akakulaza hospitalini kabla hujamlaza yeye kwenye glasi yenye ua. Kwa hiyo mko wawili, mmoja kajificha nyuma ya pazia, mwingine nyuma ya menyu, na katikati yupo maskini Basilio, mwanamume pekee kati yenu aliyethubutu kunywa tango hadharani, naye ndiye mnayemcheka. Hujasema ulicheka siku ile. Hukuhitaji kusema. Ulicheka kuliko wote.

Unasema ukisema ukweli watakufukuza. Watu gani hao? Hao hao walioacha mvinyo? Mimi nimewahudumia wanaume wa mji huu maisha yangu yote. Nimewaona wakiacha wake, wakiacha kazi, wakiacha dini, na mmoja aliacha gari likiwa linatembea. Mvinyo wa kabla ya chakula sijamwona aliyeuacha kwa ajili ya mtu mwingine. Nicasio anakunywa maji kwa ajili yako. Wamevua kofia kwenye manyunyu, na sehemu yako ya wimbo wakaiacha wazi ikusubiri. Watu wa namna hiyo hawakufukuzi. Watakutukana, hilo ndiyo, watakutukana mpaka Krismasi, na watakupachika jina litakalokufuata kaburini. Lipokee. Umelitafuta kwa bidii.

Lakini kila siku unayochelewa, dhambi si ya kokteli tena. Dhambi ni ya kumwacha rafiki akuombee huku umeshiba. Hiyo ndiyo watakuwa na haki ya kukufukuzia, na nitawaunga mkono.

Kuhamia Santander sahau. Huko utakunywa na nani?

Sasa kuna jambo dogo. Umeomba nibadilishe majina. Sikubadilisha hata moja. Kwanza, mimi kubuni majina sijui, nikianza nachanganya. Pili, umewadanganya wenzako vya kutosha, hukuhitaji msaada wangu. Leo ni Alhamisi, na gazeti hili, kama unavyolijua, tangu asubuhi limetandazwa kwenye kaunta ya Sabino. Kepa ndiye huwasomea wengine kwa sauti, najua, maana Sabino ni mtoto wa dada yangu. Anaanza na kurasa za mpira, anabishana na Nicasio, anafungua ukurasa wa vifo kuona kama kuna wanayemfahamu, halafu anakuja kwangu. Akifika kwenye jina lake mwenyewe atapaliwa na maji.

Kwa hiyo Jumamosi yako ni leo. Una muda wa kurasa za mpira na wa waliokufa.

Mpigie Garbiñe simu, umwambie avae lile koti analolipenda. Mkutane darajani, umshike mkono, na mpite katikati ya barabara, si pembeni kando ya ukuta. Mkifika kwa Sabino, Garbiñe asimame akitazama mlango, kila anayeingia amwone. Usianze na daktari, usianze na tumbo, usianze na marehemu mkeo. Sema, "Sikuumwa. Nilikuwa na huyu." Halafu funga mdomo upokee matusi yako ukiwa umesimama wima. Basilio mwite kwa jina alilobatizwa nalo. Kepa usimtaje, mtazame tu mpaka ajitaje mwenyewe. Kibilauri cha kwanza cha mvinyo mpe Nicasio mkononi, wewe mwenyewe, na asipokunywa mpaka akutukane kwanza, msubiri. Samaki wa Jumamosi apikwe kwa chumvi na kitunguu saumu, na Garbiñe akae kwenye kichwa cha meza. Jumapili uwavushe daraja wote, wakaone barafu.

Hilo la Jumapili litajipanga lenyewe. La sasa ni moja. Weka gazeti chini, chukua kofia, toka.