Safu ya Mwisho ya Daftari

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limepoa. Mimi mzima, ila kazi imenipanda kichwani.

Nina habari, na nataka uisikie kwangu kabla ya kuisikia kwa mkuu wako. Hapa wizarani nimepitia daftari za kliniki zote, miaka mitano, wajawazito elfu kumi na moja. Wanaotembelewa nyumbani na ninyi wauguzi wanapata kifafa cha mimba mara mbili ya wasiotembelewa. Wizara imeamua ziara zisimame, mrudi kliniki. Angalau utapumzika kupanda ngazi za watu.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Goti linalia kama mlango mbovu, lakini linafika.

Hivi unadhani tunabisha hodi ovyo? Tunatumwa kwa wale ambao presha imeshapanda, au miguu imevimba. Ni sawa na kusema zimamoto ndio wanaochoma nyumba, maana kila panapoungua utawakuta! Safu ya mwisho ya daftari imeandikwa "sababu ya ziara". Naijaza kwa mkono wangu. Uliisoma?

Nijibu upesi. Nina wanawake tisa, akiwemo fundi cherehani jirani yetu, yule aliyekushonea suruali ya usaili. Mimba ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa, na presha yake siipendi.

Shangazi yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata jibu, labda posta imelimeza.

Fundi tumemzika jana. Mumewe alimkuta sakafuni kando ya cherehani, anatetemeka mwili mzima. Mtoto ametolewa hai, wa kike. Mama hakuamka.

Kliniki ni mwendo wa saa nzima, na miguu yake ilikuwa haiingii tena kwenye kiatu. Nilikatazwa kwenda kwake, nikatii. Wiki saba nilipita dirishani pake nikienda kazini, nikamsalimia, na kipimo cha presha kimo mkobani. Sikukitoa. Hilo ni langu. Lako ni lipi?

Shangazi yako

15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali.

Barua yako ya Februari niliipata. Niliisoma nimesimama kwenye korido, nikaikunja, nikaitia drooni.

Safu ile niliiona tangu mwanzo. Miandiko ilikuwa haisomeki, makarani walitaka wiki sita kuiingiza kwenye kompyuta, na mkurugenzi alitaka ripoti Ijumaa. Nikairuka. Nikajiambia watu elfu kumi na moja hawawezi kudanganya. Uliponiandikia ningeweza bado kusema "ngojeni", lakini nilikuwa nimeshapigiwa makofi, na makofi ni matamu.

Tangu nipate habari za fundi nimekaa na safu ile mwenyewe, daftari kwa daftari; nimemaliza za wilaya yenu, nyingine naendelea nazo. Nimelinganisha mwenye presha na mwenye presha, aliyevimba na aliyevimba. Waliotembelewa walipata kifafa nusu ya wenzao ambao hamkuweza kuwafikia. Nusu, Shangazi.

Nimempelekea mkurugenzi hesabu hiyo. Akasema, "Tuandike kwamba takwimu mpya zimepatikana."

Nikamwambia, "Si mpya. Zilikuwepo. Mimi ndiye niliyeziruka."

Amenitazama kama mtu aliyekanyagwa mguu, lakini amesaini ziara zirudi. Sasa niambie, mume wa fundi nitamwambia nini?

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo.

Ziara zimerudi tangu Jumatatu. Wenzangu wanakusifu, eti kijana wetu ametupigania. Sijawaambia ukweli, na hilo linanichoma.

Jana nilimsomea mume wa fundi barua yako, neno kwa neno. Alikuwa anamnywesha mtoto maziwa, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Huyo kijana ana miguu?"

Nikasema anayo.

"Basi aje aniambie mwenyewe."

Hakusema kwamba atakusamehe, nami sikukuombea. Njoo Jumamosi, bila karatasi wala hesabu. Huenda mtoto atalia, utaongea hivyo hivyo. Nitakaa karibu yako, nami nitaanza kusema, maana ni mimi niliyekuwa napita dirishani. Nikimaliza, utafuata wewe.

Shangazi yako